Bidhaa hatarishi katika barabara za Tanga: Leseni ya dereva na gari ni kinga ya walio pembeni

Upanuzi wa Bandari ya Tanga umebadili sura ya barabara zinazotoka katika jiji hilo. Serikali imewekeza Shilingi bilioni 429.1 katika bandari hiyo kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza, iliyogharimu Shilingi bilioni 172.3, ilihusu kuongeza kina cha lango la bandari kutoka mita tatu hadi mita 13 na kununua mitambo. Awamu ya pili, iliyogharimu Shilingi bilioni 256.8, ilihusu ujenzi wa gati mbili zenye urefu wa mita 450. Meli zilizokuwa zikitia nanga mbali na kupakuliwa kwa matishari sasa hufunga gatini.

Kila tani inayoshuka melini huhitaji njia ya kutoka, na sehemu kubwa ya njia hiyo ni barabara. Katika shehena inayopita njia hiyo zimo bidhaa ambazo hazibebwi kama saruji au mkonge: petroli, dizeli, gesi ya kupikia, kemikali za viwandani na za kusafishia maji, pamoja na baruti za machimbo ya mawe. Bidhaa hizi ni za lazima kwa uchumi. Bila dizeli trekta halilimi, bila klorini maji ya bomba hayawi salama, na bila baruti kiwanda cha saruji hakipati mawe ya chokaa. Hata hivyo, kosa dogo la dereva au hitilafu ndogo ya gari linalozibeba inaweza kugharimu maisha ya watu ambao hawakuwamo katika gari hilo wala hawakujua limebeba nini.

Ndiyo maana suala la nani anaruhusiwa kuendesha gari la namna hiyo, na gari lipi linaruhusiwa kubeba mzigo wa namna hiyo, linastahili kutazamwa kwa jicho pana zaidi ya lile la kukamilisha nyaraka.

Kwa nini Tanga

Kwa miaka mingi mafuta ya mikoa ya kaskazini yalipakiwa Dar es Salaam na kusafirishwa mamia ya kilomita kupitia Chalinze na Segera. Hali ilibadilika mwaka 2015, pale Mfumo wa Uagizaji wa Mafuta kwa Pamoja ulipoanza kutumia Bandari ya Tanga. Leo Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) inapotangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, mikoa ya Tanga, Kilimanjaro, Arusha na Manyara hupangiwa bei kwa kuzingatia mafuta yanayopokelewa Tanga.

Mabadiliko hayo yamepunguza umbali wa safari kwa lori linalopeleka mafuta Moshi au Arusha. Safari ya kutoka Tanga hadi Arusha ni ya kilomita zipatazo 435, ilhali ya kutoka Dar es Salaam huzidi 600. Kwa mizani ya usalama hilo ni jambo jema, kwa kuwa kila kilomita inayopungua ni nafasi moja ya ajali iliyopungua. Lakini pia maana yake ni kwamba malori ya mafuta sasa yanaanza safari ndani ya jiji la Tanga, yanapita Muheza ambako machungwa huuzwa kando ya lami, yanafika Segera ambako mabasi husimama kwa chakula, kisha Korogwe, Mombo, Hedaru na Same. Kote huko barabara kuu ndiyo soko, ndiyo kituo cha bodaboda na ndiyo njia ya wanafunzi kwenda shule.

Upande wa kaskazini, barabara ya Tanga hadi Horohoro inaunganisha Tanzania na Lunga Lunga nchini Kenya na hatimaye Mombasa. Upande wa kusini, ujenzi wa barabara ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo unafungua mwambao ambao kwa muda mrefu haukuwa na lami. Kukamilika kwa njia hiyo kutaleta magari mazito katika vijiji vya wavuvi na katika maeneo yenye mikoko na fukwe, jirani na Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyoanzishwa mwaka 2009.

Upo pia mradi wa Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa Chongoleani tarehe 5 Agosti 2017. Bomba hilo lina urefu wa kilomita 1,443, ambapo kilomita 1,147 zimo ndani ya Tanzania, na limesanifiwa kusafirisha hadi mapipa 246,000 kwa siku. Hesabu rahisi inaonesha ukubwa wa jambo hilo. Pipa moja ni takribani lita 159. Hivyo mapipa hayo ni zaidi ya lita milioni 39. Kama yangebebwa na malori yenye uwezo wa lita 40,000 kila moja, yangehitajika malori zaidi ya 970 kila siku. Bomba litaondoa mzigo huo barabarani, lakini halitaondoa mafuta yaliyosafishwa yanayoingia nchini kupitia bandari. Hayo bado yatamhitaji dereva na tangi lake.

Hatari haifanani

Umoja wa Mataifa ulitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1956 mapendekezo ya kusafirisha bidhaa hatarishi, na hadi leo mapendekezo hayo ndiyo msingi wa sheria za nchi nyingi. Yanagawa bidhaa hizo katika makundi tisa: vilipuzi, gesi, vimiminika vinavyowaka, yabisi zinazowaka, bidhaa zinazotoa oksijeni na kuchochea moto, sumu na vitu vinavyoambukiza, vyenye mionzi, vinavyobabua, na vingine visivyoingia katika makundi hayo.

Mgawanyo huo una maana kubwa barabarani, kwa kuwa kila kundi lina tabia yake. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, wakati dizeli huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 50 ili mvuke wake ushike moto. Kwa sababu hiyo, tangi la petroli lililokwisha kushushwa mzigo si salama kama wengi wanavyodhani. Mvuke uliobaki ndani, ukichanganyika na hewa, unaweza kulipuka kwa cheche moja ya mashine ya kuchomelea. Gesi ya kupikia nayo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipai juu bali hutambaa chini na kujaa mitaroni na mabondeni hadi ikutane na moto.

Amonia naitreti, inayotumika kutengeneza mbolea na vilipuzi vya migodini, haiwaki yenyewe, lakini huchochea moto na huweza kulipuka ikihifadhiwa vibaya. Dunia ilishuhudia hilo Beirut tarehe 4 Agosti 2020, pale tani zipatazo 2,750 za bidhaa hiyo zilipolipuka bandarini na kuua watu zaidi ya 200. Kwa upande wake, sayanaidi inayotumika kuchenjua dhahabu haihitaji moto ili iue. Ikimwagika mtoni, madhara yake husafiri na maji.

Ili mtu aliye mbali atambue lori limebeba nini, utaratibu wa kimataifa unataka gari liwe na bango la rangi ya chungwa lenye namba mbili. Namba ya chini hutaja bidhaa yenyewe: 1203 ni petroli, 1202 ni dizeli, 1965 ni mchanganyiko wa gesi ya kupikia, 1689 ni sayanaidi ya sodiamu na 1942 ni amonia naitreti. Namba ya juu hutaja aina ya hatari. Kwa askari wa zimamoto anayefika eneo la ajali, namba hizo humweleza kama atumie povu, maji, au awahamishe watu kwanza. Bango lisilowekwa, au lililobaki la safari iliyopita, humnyima taarifa hiyo katika dakika ambayo anaihitaji zaidi.

Funzo la Msamvu

Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka eneo la Msamvu mjini Morogoro. Watu walikusanyika kuchota petroli iliyokuwa ikimwagika, kisha moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha, wengi wao vijana. Taifa liliomboleza kwa siku tatu.

Msiba huo haukuwa wa kwanza katika ukanda huu. Tarehe 31 Januari 2009, watu zaidi ya 100 walifariki dunia Sachangwan, nchini Kenya, katika tukio linalofanana na hilo. Tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka na kuwaka katika mji wa Sange, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kuua watu zaidi ya 200.

Matukio yote matatu yana jambo moja linalofanana: wengi wa waliokufa hawakuwamo katika lori. Walikuwa wapita njia, wakazi wa jirani na watu waliovutwa na mafuta ya bure. Hapo ndipo leseni ya usafirishaji wa bidhaa hatarishi inapotofautiana na leseni nyingine za barabarani. Leseni ya basi humlinda abiria aliyekata tiketi. Leseni ya lori la petroli humlinda zaidi mtu ambaye hana uhusiano wowote na safari hiyo: muuza machungwa wa Muheza, mama lishe wa Segera, mwanafunzi wa Mombo.

Waswahili husema ajali haina kinga. Msemo huo hufariji wafiwa, lakini haupaswi kuwa kichaka cha mmiliki wa gari. Uchunguzi wa ajali za aina hii duniani umeonesha mara nyingi kwamba ajali ilianza kabla ya safari. Tarehe 11 Julai 1978, lori lililobeba gesi ya propilini lililipuka kando ya kambi ya watalii ya Los Alfaques, nchini Hispania, na watu 217 wakafariki dunia. Tangi lile lilikuwa limejazwa kupita kiwango, na lori lilipita katika barabara ya pwani iliyojaa watu. Makosa yote mawili yalifanyika mapema, mahali pa kupakia na katika uchaguzi wa njia.

Dereva: zaidi ya daraja la leseni

Nchini Tanzania, hatua ya kwanza kwa dereva yeyote ni leseni inayotolewa chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, yenye daraja linalomruhusu kuendesha gari kubwa. Juu ya hiyo, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyoanzishwa kwa Sheria Namba 3 ya mwaka 2019, imepewa jukumu la kuthibitisha madereva wa vyombo vya usafiri wa kibiashara, na kanuni za uthibitishaji huo zilitungwa mwaka 2020. Kwa upande wa kemikali, Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali (GCLA) husimamia Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, na imekuwa ikitoa mafunzo kwa madereva wanaosafirisha kemikali.

Mantiki ya ngazi hizo ni kwamba uzoefu wa usukani peke yake hautoshi. Dereva aliyeendesha lori la saruji kwa miaka 20 bila ajali anaweza kushindwa na tangi la petroli siku ya kwanza. Saruji imetulia mahali pake, mafuta hutembea. Tangi lililojaa nusu huwa na mawimbi ndani yake. Dereva akikanyaga breki ghafla, mafuta husukuma mbele sekunde moja baada ya gari kupungua mwendo. Akikata kona kwa kasi, mafuta hulalia upande wa nje na kulivuta gari lipinduke. Tangi likijazwa hadi juu nalo lina hatari yake, kwa kuwa mafuta hutanuka kwa joto la mchana na hukosa nafasi.

Kwa hiyo mafunzo ya dereva wa bidhaa hatarishi hayana budi kugusa mambo ya vitendo: tabia ya mzigo, uunganishaji wa waya wa kutuliza umeme tuli wakati wa kupakia na kushusha, usomaji wa nyaraka za mzigo, matumizi ya vizima moto, na zaidi ya yote, hatua za kuchukua ajali inapotokea. Anapaswa kujua kuzima injini na kukata umeme wa betri, kusimama upande unakotoka upepo, kuweka alama za tahadhari na kuwazuia watu wasikaribie. Msamvu imefundisha kwamba kuwazuia watu ndilo jukumu gumu kuliko yote, na dereva au utingo wake ndiye mtu pekee aliyepo katika dakika za mwanzo.

Mkataba wa Ulaya kuhusu usafirishaji wa bidhaa hatarishi kwa barabara, uliosainiwa Geneva mwaka 1957 na ambao leo uko wazi kwa nchi zote wanachama wa Umoja wa Mataifa, unatoa kipimo cha kulinganishia. Cheti cha dereva chini ya mkataba huo hudumu miaka mitano, kisha hurudia mafunzo na mtihani. Dereva wa tangi husoma somo la ziada juu ya lile la msingi, na yule wa vilipuzi au mionzi vivyo hivyo. Aidha, maelekezo ya dharura yanayowekwa ndani ya gari lazima yaandikwe kwa lugha ambayo wahudumu wa gari wanaisoma na kuielewa.

Sharti hilo la lugha lina uzito wa pekee katika ukanda huu. Karatasi ya taarifa za usalama wa kemikali hufika na mzigo ikiwa katika lugha ya nchi ulikotoka, na haina msaada kwa dereva asiyeielewa. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika tangu mwaka 2019 na kinaeleweka kutoka Tanga hadi Goma. Maelekezo ya dharura ya kurasa chache yaliyoandikwa kwa Kiswahili sanifu ni hatua ya gharama ndogo yenye uwezo wa kuokoa maisha.

Gari: tangi, breki na nyaya

Gari nalo lina leseni yake. Leseni ya usafirishaji wa mizigo hutolewa na LATRA kwa mujibu wa Sheria ya Leseni za Usafirishaji, Sura ya 317, wakati Kikosi cha Usalama Barabarani hukagua uzima wa gari. Wakala wa Vipimo huhakiki ujazo wa matangi, na kituo chake cha Misugusugu, Kibaha, kinafahamika kwa kila mwenye lori la mafuta. Uzito wa gari hudhibitiwa katika mizani chini ya Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari lenye ekseli saba.

Hata hivyo, uhakiki wa ujazo hulenga biashara ya haki, na mizani hulenga kulinda barabara. Usalama wa bidhaa hatarishi unahitaji maswali mengine. Je, tangi limegawanywa vyumba na kuwekewa kuta za ndani za kuvunja mawimbi? Vali za chini hufunga zenyewe endapo bomba litakatika? Vifuniko vya juu hubaki vimefungwa gari likipinduka? Nyaya za umeme zimefunikwa, na swichi ya kukata betri inafikika haraka? Dohani ya moshi iko mbali na tangi? Gari lililotengenezwa kiwandani kwa kazi hii huwa na majibu ya maswali hayo. Gari lililobebeshwa tangi baada ya kununuliwa likiwa kuukuu kwa kazi nyingine linahitaji kukaguliwa kwa makini zaidi, kwa kuwa fremu, breki na matairi yake havikukusudiwa mzigo unaotembea.

Teknolojia imeongeza jicho la msimamizi. LATRA inatumia Mfumo wa Kufuatilia Mwenendo wa Magari pamoja na kifaa cha kumtambua dereva aliyeshika usukani. Mifumo hiyo imezoeleka zaidi katika mabasi ya abiria. Kwa malori ya bidhaa hatarishi, faida yake ni kubwa zaidi ya kudhibiti mwendokasi: inaweza kuonesha kama dereva aliyethibitishwa ndiye anayeendesha, kama amepumzika, na kama gari limeegeshwa usiku katikati ya makazi.

Taasisi nyingi, barabara moja

Lori moja linalotoka Tanga linaweza kuhusisha mamlaka kadhaa. Mafuta na gesi ya kupikia ni eneo la EWURA chini ya Sheria ya Petroli ya mwaka 2015. Kemikali ni za GCLA. Baruti zina sheria yake na husimamiwa na Tume ya Madini. Vyanzo vya mionzi viko chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Leseni ya usafirishaji ni ya LATRA, ukaguzi wa barabarani ni wa Polisi, uokoaji ni wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na mazingira ni ya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira.

Mgawanyo huu una sababu ya msingi, kwa kuwa mtaalamu wa mionzi si mtaalamu wa petroli. Changamoto iko mahali taasisi hizo zinapokutana, yaani barabarani. Askari anayesimamisha lori Korogwe saa nane usiku anahitaji kujua mambo matatu kwa pamoja: je, dereva huyu amefunzwa kwa mzigo huu, je, gari hili limeidhinishwa kwa mzigo huu, na je, mzigo uliomo ndio uliotajwa katika nyaraka? Kibali cha mzigo kisichosomana na cheti cha dereva huacha mwanya wa gari halali kuendeshwa na mtu asiye na sifa, au dereva mwenye sifa kupewa gari lisilofaa.

Serikali imekwisha kuonesha katika sekta nyingine kwamba mifumo ya taasisi inaweza kusomana. Kuhamishia utaratibu huo katika bidhaa hatarishi, ili namba moja ya gari ifungue taarifa za dereva, tangi na kibali cha mzigo, kungempa askari wa barabarani uwezo wa kuamua kwa dakika chache. Vilevile kungempunguzia mwenye lori safari za kwenda ofisi moja baada ya nyingine, jambo ambalo kwa mmiliki wa gari moja au mawili ni gharama halisi.

Gharama hiyo haipaswi kupuuzwa. Kampuni kubwa ina afisa wa usalama na bajeti ya mafunzo. Mmiliki mdogo akilazimika kumpeleka dereva wake Dar es Salaam kwa siku kadhaa, hupoteza safari na mapato. Masharti yasipofikika, matokeo huwa ni njia za panya: mapipa ya petroli kwenye Fuso, madumu kwenye bodaboda, mitungi ya gesi iliyolazwa ndani ya gari la abiria. Kutoa mafunzo na mitihani hapo hapo Tanga, kwa kushirikiana na vyuo vya ufundi stadi na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kungeongeza idadi ya wanaotii bila kushusha viwango.

Mfano mzuri upo. Kwa kulegeza baadhi ya masharti ya vituo vya mafuta vijijini, na kwa mikopo nafuu ya Wakala wa Nishati Vijijini, Serikali imesogeza huduma karibu na wananchi na kupunguza sababu ya kuuza petroli kwenye chupa na madumu. Usalama uliongezeka kwa sababu njia halali ilifanywa kuwa nyepesi. Hekima hiyo itahitajika zaidi kadiri utekelezaji wa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 unavyosonga mbele. Mkakati huo unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034, na maana yake ni mitungi mingi zaidi ya gesi katika barabara za Handeni, Kilindi, Lushoto na Pangani.

Mpaka hauzuii moto

Bidhaa zinazopita Tanga haziishii Tanzania. Magari ya Kenya huingia kupitia Horohoro, na ya Tanzania huvuka kwenda Mombasa. Endapo kila nchi itakuwa na cheti chake cha dereva, alama zake na vipimo vyake vya tangi, dereva anayevuka mpaka ama atasimamishwa bila sababu au ataruhusiwa bila uhakika.

Mpango wa pamoja wa usafirishaji wa jumuiya za COMESA, EAC na SADC umeandaa sheria za mfano, zikiwamo za usafirishaji wa bidhaa hatarishi kwa barabara, ili nchi wanachama zioanishe kanuni zao. Uganda ilikwenda hatua nyingine mwaka 2022 kwa kujiunga na mkataba wa Geneva. Kwa nchi zinazochangia bandari, mabomba na barabara, kuwa na cheti kimoja kinachotambulika pande zote za mpaka ni suala la usalama na la biashara kwa wakati mmoja.

Reli nayo ina nafasi yake. Njia ya reli iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, na ambayo Shirika la Reli Tanzania liliifufua hadi Moshi na Arusha katika miaka ya 2019 na 2020, inapita sambamba na barabara hiyo hiyo. Kila behewa la mafuta linalokwenda kwa reli hupunguza lori moja katika kona za milima ya Usambara na Upare.

Dakika za mwanzo

Hata utaratibu bora wa leseni hauwezi kuondoa ajali zote. Usiku wa tarehe 3 Februari 2023, gari la abiria lililokuwa limebeba mwili wa marehemu na waombolezaji liligongana na lori aina ya Fuso eneo la Magira Gereza, wilayani Korogwe, na watu 17 wakafariki papo hapo au muda mfupi baadaye. Tarehe 28 Juni 2025, basi na gari dogo la abiria viligongana eneo la Sabasaba, wilayani Same, vikawaka moto na kuua watu wasiopungua 38. Magari hayo hayakubeba mizigo hatarishi. Ni rahisi kutambua nini kingetokea kama mojawapo lingekuwa na tangi la petroli.

Ukweli huo unafanya maandalizi ya vijiji vya kando ya barabara kuwa sehemu ya mfumo wa leseni. Wenyeviti wa vijiji, madereva wa bodaboda na walimu wanapaswa kujua kwamba lori la mafuta lililopinduka halisogelewi, simu haitumiki karibu yake, sigara haiwashwi, na namba za kupiga kutoka mbali ni 114 ya Zimamoto au 112 ya Polisi. Halmashauri nazo zina wajibu wa kutenga maegesho ya malori ya bidhaa hatarishi nje ya masoko na stendi, ili dereva aliyechoka apate mahali pa kulala pasipo kuhatarisha mji mzima.

Bandari yenye kina cha mita 13 ni fursa ambayo mikoa ya kaskazini imeisubiri kwa muda mrefu. Faida yake itapimwa kwa tani zinazoshushwa na kodi inayokusanywa, lakini pia kwa usalama wa watu wanaoishi kandokando ya njia ya kutoka bandarini. Dereva aliyefunzwa, tangi lililokaguliwa na nyaraka zinazosomana ni gharama inayolipwa kabla ya safari. Wakazi wa Muheza, Korogwe na Mombo hawana namna ya kukagua lori linalopita mbele ya nyumba zao. Hutegemea kwamba mwenye mamlaka ya kutoa leseni alilikagua kwa niaba yao.